Maji ya Kuoshea Vyombo

Sisi tuliokulia Emali miaka ya themanini hatukuhitaji saa. Treni ya mizigo ikipiga honi asubuhi, ulijua uji uko tayari. Upepo ukianza kurusha vumbi jekundu kutoka upande wa Loitokitok, ulijua ni wakati wa kuanua nguo. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi, tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mchana na usiku, na magari yetu tuliyaunda kwa waya tuliookota nyuma ya karakana. Watoto wa leo hununuliwa gari linalojiendesha lenyewe, kisha wanalalamika kwamba wamechoka.

Mimi nilicheza mpaka darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia, na mwaka huo, mvua ndefu zikianza, tukamzika Mwaitu, yaani mama yetu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, ndugu yangu Mutua tisa, na Syombua, kitinda mimba, sita. Matanga yalipokwisha, baba mdogo aliketi kwenye kigoda akatugawa, kama mayatima walivyogawanywa siku hizo, bila ubaya wowote. Mutua angeenda naye Mutomo, kule Kitui, akachunge mbuzi. Syombua angeenda kwa shangazi Kibwezi. Mimi ningetafutiwa kazi ya nyumba.

"Baba mdogo, nipe mpaka shule zifungwe mwezi wa nane," nilimwambia. "Nikiwa na kazi ya kudumu, tuache tukae pamoja."

"Mwezi wa nane nitakuja na gunia la kubebea nguo zao," akasema.

Kesho yake nilienda kwenye karakana ileile tuliyokuwa tukiokota waya. Mwenyewe alikuwa Fundi Kilonzo, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya Mombasa, sasa akiunda makasha ya chuma ya kuendesha pampu za visima na mashine za kusaga. Ndani ya kila kasha kulikaa bodi, kibao cha kijani chenye njia nyembamba za shaba na vifaa vidogo kama mbegu za mtama. Alihitaji vidole vyembamba, na vyangu vilikuwa vyembamba kwa njaa.

Alinifundisha kusimamisha bodi juu ya vijiguu vya plastiki ili isiguse chuma. Skrubu unaikaza mpaka ikatae, kisha unairudisha kidogo, maana bodi ikibanwa sana hupasuka. Waya unaupitisha kwenye pete ya mpira ili ukingo wa tundu usiukate. Halafu ncha zake unazichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, na matundu yote unayaziba, kwa sababu mijusi wa Emali hupenda joto kuliko binadamu. Mwisho unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unafunga hapo waya wa ardhini, ule unaoshuka kwenye chuma kilichopigiliwa chini.

Dirisha la karakana lilitazama njia ya shule. Wiki za kwanza wenzangu wa darasani walinipungia mkono. Baadaye walipita wakicheka mambo yao, na mimi nikazoea kutoinua kichwa.

Kasha la kwanza nililofunga peke yangu lilikuwa la kisima cha soko. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na pampu ikanguruma siku hiyohiyo. Fundi akasema, "Likifika mwezi wa nane bila kusumbua, kazi ni yako."

Lilisumbua mwezi wa nane wenyewe. Pampu iliwaka kidogo, ikazima, ikakataa kabisa. Fundi alikuwa ameenda mji wa Salama kwa kazi ya kinu, na foleni ya mitungi ilifika barabarani. Nilifungua kasha nikakagua skrubu moja moja. Kila kitu kilikuwa mahali pake, lakini taa nyekundu iliwaka, ikisema kisima kimekauka. Mtu alishusha kamba yenye jiwe, ikarudi imelowa.

"Hii ndiyo ilifungwa na mtoto," mama mmoja alisema.

"Si mtoto, ni mama wa watoto wawili," mwingine akamjibu, na foleni yote ikacheka. Na mimi nilijua baba mdogo angefika Jumamosi, siku mbili tu mbele, na gunia lake.

Ndipo punda mmoja, aliyefungwa karibu na kile chuma cha ardhini, akapanua miguu akakojoa. Kojo lilizama kwenye ufa kando ya chuma. Ndani ya kasha kukasikika "tak!" na pampu ikanguruma. Watu walishangilia. Baada ya muda ikazima tena.

"Mpeni punda maji zaidi!" mzee mmoja akapiga kelele.

Wao walicheka, mimi nikaelewa. Bodi ile ilikipima kisima kwa umeme mdogo ulioshuka majini kwa waya, ukarudi kupitia udongo wenyewe hadi kwenye kile chuma. Udongo wetu ulikuwa umekauka kama tofali, habari za maji hazikufika, basi bodi ikadhani yamekwisha. Fundi alijifunza kazi pwani, ambako ardhi haikauki namna hii.

Niliomba ndoo moja nimwage pale. "Umwage maji chini, kiangazi hiki? Wewe umerukwa na akili!" wakaniambia, na hakuna aliyenipa. Nilirudi nyumbani nikachukua mtungi wetu, ndio maji pekee tuliyokuwa nayo. Mutua aliniuliza tutapikia nini. Nilirudi nao mbio kisimani. Niliumimina wote kwenye chuma, akina mama wakishika vichwa.

"Tak!" Pampu ilinguruma, na haikuzima mpaka foleni ikaisha.

Jumamosi baba mdogo alimkuta Fundi Kilonzo mlangoni petu. "Huyu ni wa karakana," Fundi alimwambia. "Haendi popote, na wadogo wake pia." Gunia lilirudi Mutomo likiwa tupu. Tangu siku hiyo, kila jioni ya kiangazi, Mutua na Syombua walibeba maji ya kuoshea vyombo vyetu wakaenda kuyamwaga kwenye chuma cha kisima, wakigombania nani ashike sufuria.

Niliwasomesha wote wawili. Mutua yuko Mombasa, Syombua yuko ng'ambo, na wote hupiga simu wakikumbuka. Vijana wa siku hizi hawafungui bodi. Ikikataa huitupa na kununua nyingine, bila kuuliza ilikataa nini. Kisima cha soko kinaendeshwa na jua.

Karakana sasa ni yangu, nyuma ya nyumba, na ina chuma chake cha ardhini. Jioni za kiangazi bado nakimwagia maji ya vyombo. Lakini siku hizi naosha sahani moja na kikombe kimoja, na maji yake hayatoshi kulowesha udongo. Inabidi niongeze maji safi.