Mama Nzula wa Woodley, Mama wa Wanafunzi Waliotoka Mbali

Alizaliwa Novemba mwaka 1954, mvua za vuli zikiwa zimeanza, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Kangundo, Ukambani. Alikuwa mtoto wa nne wa Kaindi, mpasua mbao. Akapewa jina Nzula, la nyanya yake. Hakusoma sana. Alifika darasa la tano, kisha mama yake akaugua macho, na Nzula akaachwa na jiko la nyumba nzima akiwa bado anasimama juu ya kigoda ili afikie sufuria. Kaka yake Ngui, ambaye bado yu hai, amenisimulia kwamba mwaka fulani wa njaa mama mmoja mwuza vyungu kutoka Kitui alizuiwa na mvua kwao, na Nzula, msichana wa miaka kumi, akampa kitanda chake na kulala jikoni kwa siku nne. Hakuna aliyemwagiza. Ngui alikasirika, kwa sababu mgeni yule alikula sehemu kubwa ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliokuwa wa watoto.

Kabla sijaendelea, inanipasa kusema wazi jambo moja, msomaji asije akalisikia kwa wengine. Mimi Veronicah Ngina, mwalimu mstaafu na katekista, niliyepewa na Padre Zachariah kazi ya kuandika maisha haya, nilimwonea wivu Mama Nzula kwa miaka kumi na miwili. Wivu huo ndio uliokuwa jaribu lake kubwa, kwa hiyo siwezi kuuacha nje ya habari zake. Tena, Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, wala mimi sitangulii hukumu yake. Naandika tu niliyoyaona na niliyoyatenda.

Mwaka 1975 aliolewa na Kiema, mfanyakazi wa baraza la jiji, wakapata nyumba katika mtaa wa Woodley, kando ya Barabara ya Ngong: vyumba viwili, bustani ndogo ya sukuma wiki na ua wa miti ya kayaba yenye miiba. Mungu hakuwajalia mtoto. Nzula aliajiriwa jikoni katika bweni moja la wanafunzi wa kike karibu na katikati ya jiji, akapika huko miaka thelathini. Kiema alifariki mwaka 2003. Baada ya hapo mjane huyu alikuwa akirudi nyumbani jioni, anajipakulia sahani moja, anakula akiwa amesimama kando ya jiko, kwa kuwa, kama alivyoniambia baadaye, kuketi peke yake mezani kulimshinda.

Wito wake ulikuja tarehe 22 Desemba 2005. Bweni lilikuwa likifungwa kwa sikukuu na wanafunzi wa hapa nchini walikuwa wameshaenda kwao. Msichana mmoja kutoka Malawi, jina lake Tadala, alibaki ameketi juu ya sanduku lake langoni, mlinzi amesimama karibu naye na kufuli mkononi. Nauli ya kwenda Blantyre na kurudi hakuwa nayo, na hakumjua mtu yeyote Nairobi. Nzula, aliyekuwa akitoka kazini, akamwuliza, "Krismasi kwenu mnakula nini?" Tadala akajibu kwamba wanakula nsima, ugali wa kwao, na kuku, halafu akaanza kulia. Nzula akamgeukia mlinzi. "Funga lango lako," akasema. "Huyu ni wangu." Siku ya Krismasi alimpa msichana mwiko, yeye mwenyewe akaketi kwenye kiti cha jikoni akachambua mboga. Wengi wamemwuliza kama alisikia sauti siku ile. Alikuwa akijibu kwamba hakusikia chochote, aliona tu kwamba mezani pake wameketi watu wawili.

Chuo kilipofunguliwa, Tadala alirudi Jumapili baada ya Misa akiwa na wasichana wawili Wakongo. Hao wakaleta Mrundi, Mrundi akaleta Waethiopia. Kila Jumapili mmoja wao alikuwa mpishi, na Mama Nzula, ambaye upishi ulikuwa ndio kazi yake, alikuwa msaidizi wake. Siku ya Jumamosi alizunguka soko la Toi na la Kawangware akitafuta majani ya mihogo au dagaa wa aina fulani, bila kujua hata jina lake kwa lugha ya mwenye kuagiza. Baada ya chakula walisoma Injili ya siku hiyo, kila mtu kwa lugha yake, kisha wakasali. Aliyekuja kwa mara ya kwanza aliulizwa jina la mama yake, na tangu siku hiyo Mama Nzula alimwombea mama huyo kwa jina kila asubuhi. Kufikia mwaka 2014 walikuwa zaidi ya arobaini, wanakaa hadi nje bustanini juu ya mikeka.

Mimi nilijiunga nao mwaka 2006. Padre wa wakati ule alinituma kama mlezi wa mafundisho, nami nilikwenda nikiwa na furaha, maana nilikuwa nimefundisha Kiingereza shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita na nilijua kusema na vijana. Nilitayarisha masomo mazuri. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniita Mwalimu, wakaandika. Kisha nilipofunga kitabu wote waliinuka na kumfuata Mama Nzula jikoni, na kicheko kilianza huko. Msichana akifiwa, alimpigia yeye. Kijana akipata digrii, picha ya kwanza alipiga naye, huku mimi nikiombwa kushika simu niwapige picha. Wakati mmoja nilimsikia Mwethiopia akitafsiri shairi la kwao kwa ajili yake, kwa Kiswahili kilichovunjika, naye Mama Nzula akiitikia "Eee, eee" kama aliyeelewa yote. Kijana yuyo huyo nilikuwa nimemfundisha Kiswahili mwaka mzima. Niliondoka bila kuaga, nikatembea hadi nyumbani kwangu Jamhuri nikiwa nimeuma meno.

Wivu wangu ulijua kuvaa vizuri. Februari 2017 niliiandikia kamati ya parokia barua ndefu. Nilisema kundi limekua na linahitaji utaratibu, kwamba yafaa likutane katika ukumbi wa parokia chini ya walimu waliofunzwa, na kwamba haifai maswali ya imani ya wanafunzi wa chuo kikuu yajibiwe na mtu wa darasa la tano. Kila sentensi ingeweza kutetewa mbele ya watu. Padre Zachariah, aliyekuwa mgeni parokiani wakati huo, alikubali. Akamwita Mama Nzula ofisini nami nikiwepo, akamweleza kwa upole kwamba kuanzia Jumapili ile mlezi atakuwa mimi. Mama Nzula alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Padre." Akanigeukia. "Ila Mwalimu, yule msichana wa Burundi hali vitunguu, na hawezi kusema, ataona haya. Na mama zao uwaandike." Akaanza kunitajia, mtoto na jina la mama yake, mmoja baada ya mwingine, majina ya nchi tisa, karibu dakika ishirini. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilijifanya naandika.

Ukumbini hesabu ilishuka upesi. Kufikia Pasaka tulikuwa tisa, na wa kumi alikuwa yeye. Wanafunzi walipokwenda Woodley aliwarudisha kwangu, akaja nao, akaketi safu ya nyuma. Somo likiisha alikusanya vikombe na kuviosha kwenye bomba la nje. Ningependelea anitukane. Kila kikombe alichosuuza kilinichoma.

Miongoni mwa waliobaki alikuwepo Achol, msichana wa Sudan Kusini aliyesomea uuguzi, mpangaji wa chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Muthangari. Jumanne moja ya Machi 2018, saa nne asubuhi, alinipigia simu. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Mwalimu, baba yangu ameuawa barabarani. Namtafuta Mama Nzula, simu yake haiingii." Nilijua haiingii kwa sababu gani. Mama Nzula alikuwa ameibiwa simu wiki ile, na alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka nilipokuwa. Nikamwambia Achol, "Mama Nzula amesafiri Kangundo. Usijali, mimi nakuja." Nilitaka, mara hii moja tu, niwe mimi ndiye aliyekuja.

Nilikwenda na Biblia na maneno niliyoyapanga njiani. Achol alinisikia nikiita, akasema kupitia mlangoni, "Asante, Mwalimu. Nitamngoja Mama," na hakufungua. Nilisoma zaburi mbele ya mbao zile, nikaondoka. Nilikasirika, Mungu anisamehe, nikamkasirikia mtu aliyefiwa na babake. Na kwa siku tatu sikumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi nilipigiwa simu na Kui, mwanafunzi aliyepanga chumba jirani. "Mwalimu, huyu Achol hajakula kitu tangu Jumanne. Hata maji sioni akichota. Mlango ameifunga na hafungulii mtu. Mimi naogopa, aki." Ndipo nilipokwenda Woodley mbio. Nilimkuta Mama Nzula barazani akipepeta muthokoi kwa ungo. Nikamwambia nikiwa bado nje ya ua, kwa kuwa nilijua nikiingia sitasema: "Babake Achol ameuawa. Alikutafuta Jumanne, nikamdanganya kwamba umesafiri." Akaweka ungo chini. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Siku tatu, Mwalimu," akasema. "Siku tatu." Kisha akavaa viatu.

Tulifika Muthangari kabla ya saa sita. Mama Nzula hakubisha wala hakusoma zaburi. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha, akaita, "Achol wa Nyandeng!" Nyandeng ni jina la mama yake Achol, nami sikulijua mpaka dakika ile, ingawa nilikuwa nimetajiwa. "Mimi ni Nzula. Nimekuja tulie. Kama hutaki kufungua, si neno, tutalia kila mtu upande wake." Na akalia. Hakulia kwa kumfariji mtu. Alimlilia yule mzee asiyemjua kama anavyoliliwa mzee wa Kikamba, akimsifu, akimlaumu kwa kuondoka, kwa maneno ya Kikamba ya nyanya yake. Baada ya muda tukasikia upande wa pili sauti ikiitikia. Walikwenda hivyo kwa zaidi ya saa moja, Kui na mimi tumesimama hatujui pa kuweka mikono. Kisha komeo likavutwa. Achol alianguka magotini pake, naye akamnywesha uji alioletewa na Kui, kidogo kidogo kwa kijiko.

Hili ndilo jambo linalosimuliwa zaidi, na wengi wameniuliza juu yake. Achol anashuhudia hadi leo, hata kwa kiapo, kwamba Mama Nzula alilia kwa Kidinka, tena cha kijijini kwao, na kwamba alimsifu babake kwa jina la fahali wake, kama Wadinka wanavyowasifu wanaume wao, jina ambalo Achol hakumwambia mtu Nairobi. Mimi nilikuwepo, hatua mbili kutoka pale, na nilisikia Kikamba. Naandika nilichosikia mimi, naandika alichosikia yeye. Kwa miaka mingi niliumia kwamba hata muujiza huo nilinyimwa, nikiwa nimesimama karibu hivyo.

Kwa majuma matatu Mama Nzula hakunisemesha. Watakatifu nao hukasirika. Kisha Jumamosi moja akaja Jamhuri, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kufungua mdomo. "Nimeungama kwa Padre," akasema, "lakini ameniambia nikuambie na wewe. Miaka hii yote ukienda kusoma somo la kwanza kanisani, mimi huku nyuma nasema moyoni, akosee. Hata neno moja tu, Bwana, akosee. Hukukosea hata siku moja." Nilikuwa nimedhani wivu wote wa nyumba ile ulikuwa wangu. Nikamwomba msamaha kwa niliyomtendea Achol na kwa ile barua. Akasema, "Nimekusamehe njiani, ndiyo sababu nimechelewa. Sasa nifundishe kusoma mbele ya watu."

Tulisoma pamoja kila Jumatano, mwaka mzima. Nilikwenda mwenyewe kwa Padre Zachariah, nikamweleza ukweli wa barua yangu, naye akalirudisha kundi Woodley. Siku ya Pentekoste mwaka 2019 Mama Nzula alisimama kwenye mimbari, miwani puani, akasoma somo la kwanza kwa Kiswahili, lile lenye majina magumu ya mataifa. Alipofika penye Frigia nilikuwa nimeacha kupumua, nikimwombea asikosee. Alikosea. Akatabasamu, akarudia, akaendelea. Mimi baadaye niliosha vikombe.

Wakati wa korona wanafunzi wengi wa kigeni walikwama vyumbani, ndege zikiwa zimesimama, naye akiwa na miaka sitini na mitano alipika kila siku na kuwapelekea chakula malangoni, kutoka Woodley hadi Kawangware. Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka uliofuata. Tarehe 9 Septemba 2022, akiwa amelazwa, mimi nilikuwa kando ya kitanda tangu juzi yake. Achol, sasa muuguzi, aliingia. Mama Nzula akafumbua macho akasema, "Mwalimu, nenda nyumbani upumzike. Huyu atakaa nami." Nilitii. Nilishuka na wivu ule ule wa zamani hadi kituo cha basi, lakini nilitii. Alifariki saa tisa alasiri, mkono wake katika mkono wa Achol, na hayo aliyoniambia ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alizikwa Kangundo. Jeneza lilibebwa na vijana wa nchi saba.

Leo Tadala hufungua nyumba yake kila Jumapili kule Blantyre kwa wanafunzi waliotoka mbali. Wako wengine wanaofanya hivyo Bujumbura, Lubumbashi na Juba. Wapendwa waamini, katika kumwiga msianze na machozi yake wala na muujiza wa mlangoni. Anzeni na kumwuliza mtu jina la mama yake, na kulishika. Na aliye na wivu asingoje upone ndipo atumike, maana mimi nimengoja na haujapona.

Jumapili iliyopita, katika nyumba ile ya Woodley ambayo sasa naiangalia mimi, alibisha hodi msichana kutoka Angola, ametumwa na shangazi yake aliyewahi kusoma hapa. Alikuwa ameshika begi kwa mikono miwili. "Wewe ndiye Mama Nzula?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa umeshaanza kunipenda. Nakiri mbele yenu kwamba nilikawia kujibu.

"Hapana," nikasema. "Yeye ametangulia. Mimi naitwa Veronicah. Karibu ndani."