Tandiko Alilotagia Kuku

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu ulikaa mpaka saa nne, kisha ukaja upepo wetu huu wa Ufipa, usiomwonea mtu haya. Nimeketi karibu na moto. Naandika polepole, maana shule yangu ni ndogo na ya zamani.

Mwanangu, jana uliniuliza maswali mawili. Punda wako anajikuna, umpake dawa gani? Na tandiko linamchubua, ulikaze au ulilegeze? Kabla sijafungua mdomo ukaongeza kwamba Jumatatu unampeleka aliyekuuzia kwa mwenyekiti. Nikakuambia nitakuandikia. Usidhani nilikuwa na jibu nikakunyima. Nilikuwa nimekwenda mbali, kwenye siku moja ambayo hata sasa sijui kama niliiishi yote au nusu yake niliiota.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mtu aliweza kununua maharage huku juu, akayashusha mwenyewe mpaka Mtowisa kule bondeni, akapandisha mchele, asiulizwe na yeyote. Magari yalikuwa machache na njia ya kuteremka ukingo wa bonde ilikuwa mawe matupu, kwa hiyo mwenye punda alikuwa mtu. Mume wangu Nestori alimnunua wetu kwa Masanja, Msukuma aliyehamia kijijini na mkewe na mtoto mchanga, akalima kipande alichoazimwa na wazee wa kwetu. Punda alikuja na tandiko lake: mito miwili ya gunia iliyoshindiliwa majani, mmoja ubavu huu na mwingine ule, katikati pameachwa mfereji ili uti wa mgongo usiguswe, na juu yake ubao wa kufungia mzigo.

Mvua zilipoanza, tandiko nililiweka jikoni lisilowe. Mvua zilipokwisha na safari kurudi, punda akaanza kujikuna. Alijisugua kwenye nguzo ya ghala mpaka manyoya yakatoka, na pale shingo inapokutana na mgongo pakachubuka. Nestori akaenda mjini, Majengo, kutafuta dawa, kwa kuwa ile ya josho iliyokuwa ikiletwa zamani ilikuwa imekoma, na sasa kila mtu alijinunulia dukani. Akampaka. Punda akatulia kidogo, akafunga safari moja, akarudi anajikuna kuliko mwanzo.

"Masanja ametuuzia ugonjwa," Nestori akasema.

Maneno hayo hayakulala. Kesho yake kisimani wanawake walisema wageni ndio walioleta kupe, na mwingine akadai hata mtoto wa Masanja ana upele. Nilimwona mtoto yule, hakuwa na upele. Lakini sikusema kitu, nami wakati huo nilikuwa bibi harusi wa juzi. Mwenyekiti akapanga siku ya kuwasikiliza. Wazee waliomwazima shamba wakatangulia kusema kwamba Masanja akionekana na hatia, aliache, mahindi yakiwa bado shambani, ashuke bondeni na familia yake.

Siku moja kabla ya kikao, Masanja alikuja nyumbani. Alimwamkia mama mkwe wangu, Bibi Yustina, kwa kupiga goti, kama kwao wafanyavyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Sikai, mama. Nimekuja kumuuliza Nestori, huyu punda alipotoka kwangu alikuwa akijikuna?"

"Fadhila ya punda ni mateke," Nestori akamjibu kutoka mlangoni. "Na ya muuza punda je?"

"Wewe unampakia kama lori, halafu unanitafuta mimi!"

Bibi Yustina alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta.

"Nyie wawili," akasema, "nani kati yenu amewahi kulivaa hilo tandiko?"

Wakatazamana. Masanja akacheka bila kutaka.

"Mama, mimi ni punda?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho mtu ananyang'anywa shamba kwa habari za mgongo wa punda, na mgongo wenyewe hamjauuliza." Akanigeukia. "Mwanangu, wewe unajua ngata. Unaweza kubeba mtungi kwa ngata ya mwenzio?"

"Naweza, mama, ila kichwa kinauma."

"Basi lala."

Nikalala kifudifudi uani, juu ya mkeka, kwenye jua la baridi. Wakaniwekea tandiko mgongoni na juu yake mfuko wa maharage. Bibi akasema, "Leo tumepata punda wa miguu miwili," nao wakacheka, nami nikacheka nikiwa nimefumba macho.

Hapa ndipo nisipojua kama naeleza sawasawa. Jua lilinishika, upepo ukapita juu yangu, na nikawa nateremka. Niliziona kwato zangu zikitafuta mawe. Niliona chini kabisa ziwa linang'aa kama bati jipya, na joto la bondeni likipanda kunipokea. Mzigo uliegemea kushoto. Kila hatua, kitu kigumu kilinigonga mfupa wa bega, palepale, tena palepale, nami sikuwa na mdomo wa kumwambia anayenisukuma nyuma. Nikataka kulia. Kisha mgongo mzima ukaanza kutembea.

Niliruka nikipiga kelele. Bibi akanivuta, akatazama shingo yangu. Vidudu vyekundu, vidogo kuliko punje ya ulezi.

"Utitiri," akasema. "Hawa si wa punda. Hawa ni wa kuku."

Akaligeuza tandiko. Mto wa kushoto ulikuwa umetoboka, majani yamepekuliwa nje, na ndani pamekaa shimo la mviringo, laini, lenye manyoya. Kuku wangu mweusi alikuwa ametagia humo mvua nzima, akaatamia na kuangua. Nilikuwa namwona akitoka jikoni na vifaranga, na nikafurahi kuwa na kuku hodari. Kikulacho ki nguoni mwako. Mto ulipokosa majani, ubao wa juu ukalalia bega la punda. Na dawa ya Majengo isingefaa, kwa sababu kila alipopona alivalishwa utitiri upya.

Nestori alikaa chini. Baadaye alinyoosha mkono, akasema, "Ndugu yangu, nimekuvunjia jina." Masanja aliushika. Kisha, na hili nalitaja kwa sababu mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na asiye mnyonge pia, akasema, "Hata mimi nina kosa. Tandiko hili nilimshonea punda wangu wa kwanza, mwenye mgongo mpana. Huyu mwembamba nilijua litamkalia vibaya." Kesho yake walikwenda wote kwa mwenyekiti, Nestori akasema mbele za watu kosa lilipokuwa. Shamba likabaki kwa Masanja.

Sasa maswali yako, mwanangu. Usikaze wala usilegeze kwanza. Pitisha kiganja chini ya tandiko likiwa na mzigo, pande zote. Panapobana mkono wako ndipo panapomuumiza. Mgongo hubadilika, mnyama akikonda au akinenepa, mshonee upya. Choma majani ya zamani, chemsha gunia, lianike juani, na kuku walale mbali. Kama bado anajikuna, mwite bwana mifugo amwone, maana kupe, chawa na upele si kitu kimoja, na mimi naweza kukosea. Na huyo aliyekuuzia, mtembelee Jumatatu peke yako, bila mwenyekiti. Huenda ana hatia. Lakini lala kwanza chini ya tandiko lako.

Mungu akupe mgongo usiochubuka, na jirani utakayemwita usiku akaitika.

Jioni hii tumekula wali na maharage. Mchele umepandishwa kutoka Mtowisa na yule mtoto mchanga wa Masanja, ambaye sasa ana punda wake mwenyewe na ndevu. Kuku hatukuchinja. Anaatamia, kwenye kikapu chake, nje.