Bwana yangu alikwama dirishani, mama mukwe wake akiwa mulangoni

Jamani, leo bwana yangu alikwama ku dirisha, na mama yangu muzazi iko mulangoni!

Munajua tunaishi ndani ya karavani, kale kanyumba ka magurudumu, ile bazungu ba kutengeneza barabara baliacha hapa Baraka bila magurudumu. Chumba ni kimoja, sisi na batoto na sufuria zetu. Hatulipi nyumba, kila faranga inaenda ku matofali ya nyumba yetu tunajenga.

Leo muchana mama akatoka kwake Lweba, akakuja bila kutuma habari. Nikasikia tu, "Hodi!"

Na kwetu, mwanaume na mama mukwe wake hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Lakini ndani ya chumba kimoja, heshima itapita wapi?

Bwana yangu akakimbilia dirisha. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka. Kiuno kikakataa.

Mama akaingia, akakuta miguu inapiga hewa.

Batoto bakacheka. Bwana yangu akaacha kupiga miguu, sawa vile akitulia hataonekana.

Mama akajifunika macho na kitambaa chake. Akapapasa, akakamata mwiko wa bugali, akasukuma zile nyayo kwa nguvu.

Puu! Bwana yangu akaanguka inje.

Mama akakaa, akasema kwa sauti kubwa:

"Mwanangu, ambia bwana yako mi sikuona kitu. Leo nitalala kwa dada yangu, na si kwa hasira. Mwanaume anakubali kubanwa hivi ili ajengee batoto nyumba, mi namuheshimu."

 Inje kukatoka sauti ndogo ya bwana yangu: "Aksanti, mama."

Bamama, ingekuwa nyinyi, mungecheka ao mungelia? Mi nilifanya yote mbili.