Mkanda wa pampu uliopanda bei hadi tukakimbilia ngozi ya ng'ombe (Chara, miaka ya hamsini)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Anayechapa ni mjukuu, maneno ni yangu. Chumvi sitaongeza, hata daktari amenikataza.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana, naendesha pampu ya kumwagilia mpunga kule Chara, kijijini kwetu kando ya mto. Injini imetoka Uingereza. Kijiji kizima tulichanga kuinunua, na bwana shamba, Mzungu, akatuhubiria maendeleo hadi jua likatubabua.

Msimu wa pili mkanda wa kuzungushia pampu ukakatika.

Mpunga ndio kwanza unachanua!

Tukaagiza mwingine kupitia Mombasa. Jibu: bei imepanda Ulaya, ongezeni. Tukauza kuku, tukaongeza. Jibu la pili: imepanda tena. Kila barua ikivuka bahari, bei inapaa.

Nikamuuliza bwana shamba kwa nini tusifundishwe kuutengeneza wenyewe.

Akacheka. "Huo ni utaalamu, Hiribae."

Haya. Utaalamu ubaki kwao, bei ije kwetu.

Hapo ndipo akatokea Guyo, mfugaji wa Kiorma. Tulikuwa hatusemezani, maana ng'ombe wake walikula mpunga wetu mwaka uliotangulia. Akaitazama injini, akanitazama mimi.

"Hii nataka kamba tu? Ngozi mimi iko nayo."

"Bei gani?"

"Bei hapana. Wewe nipe ng'ombe yangu njia ya kwenda mtoni."

Wazee wetu walinung'unika, lakini majani yalishaanza kugeuka manjano. Wakatoa njia.

Guyo akakata ngozi mapande marefu, akayashona kwa mishipa ya ng'ombe, akayapaka mafuta hadi yakalainika. Mara ya kwanza mkanda uliteleza. Ya pili ukachomoka ukanichapa mdomo, jino likaenda.

Ya tatu maji yakajaa mfereji. Nilicheka huku natema damu.

Nusu ya mpunga ilikuwa imeshakufa. Nusu tulivuna.

Bwana shamba alipokuja, akaupiga picha mkanda wa Guyo, akauvua, akaondoka nao "kuuchunguza". Mpaka leo anachunguza. Guyo alishona mwingine kwa siku mbili, akitukana kwa Kiorma, nami sikuhitaji mkalimani.

Nilichojifunza: ukinunua mashine bila ujuzi wake, umenunua foleni ya kungoja barua. Na bei zikipanda, wa mwisho kwenye foleni ndiye hubuni, halafu mwenye kamera ndiye husifiwa.

Nyinyi wenye matrekta na mitambo ya nje, spea zikipaa mnafanyaje? Changieni. Ila Guyo msimguse, wajukuu zake wamo humu.