Diriye Ahesabu Neef

Diriye, tarishi wa ofisi moja mjini Garissa, alikuwa ameshafukuzwa mara moja na madaktari wa macho, waliokataa kumpasua kwa sababu presha yake ilikuwa juu. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa njiani, na juzi tu alipeleka barua iliyoandikiwa idara ya maji kwa mkubwa wa mifugo, akasimama pale kusubiri jibu. Madaktari hao huja mara mbili kwa mwaka, na zilibaki wiki mbili warudi. Presha ikikataa kushuka tena, angeendelea kupapasa miezi sita mingine, na tarishi asiyeona anwani hana kazi.

Iftin, nesi wa kliniki, alimwongezea vidonge, kisha akampa kazi ya nyumbani.

"Adeer," alimwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwita baba mdogo, "kila siku baada ya swala ya alfajiri kaa kimya dakika kumi. Fumba macho. Hesabu neef, moja mpaka kumi, halafu uanze upya. Ikikupotea usigombane nayo. Irudishe polepole."

Sasa, neef kwa Kisomali ni pumzi. Neef hiyohiyo pia ni mnyama mmoja wa mfugo, awe mbuzi, ng'ombe au ngamia. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwa kliniki na mkono umebanwa na kipimo cha presha, angeelewa pumzi. Diriye alikulia nyuma ya ngamia huko Habaswein. Alirudi nyumbani akifurahi kwamba hospitali hatimaye imepata tiba anayoijua.

Alfajiri ya kwanza aliketi kwenye mkeka, akafumba macho, akawaita ngamia wake. Alikuwa nao kumi na moja kabla ukame haujawamaliza na kumleta mjini kutafuta mshahara. Walikuja mmoja mmoja, bila kinyongo. Akahesabu kumi, akakumbuka agizo, akaanza upya. Wa kumi na moja akabaki nje ya boma.

Tabu ikaanzia hapo. Diriye ni mtu wa kufuata maagizo, na kila alfajiri ilimbidi achague wa kumwacha. Siku ya pili alimwacha dume mzee, akajilaumu mpaka chai ikapoa. Siku ya tatu alimwacha yule aliyekuwa akichechemea, akajiona katili. Siku ya nne alimhesabu mama na ndama wake kama mmoja, lakini hata yeye mwenyewe hakukubali hesabu hiyo. Mkewe, Lul, alimkuta amekunja uso, jasho linamtiririka.

"Huku ndiko kutulia?" akauliza Lul.

"Usinisemeshe! Nimebakiza mmoja."

"Mmoja nini?"

Diriye alimjibu kwamba mambo ya hospitali ni siri ya mgonjwa. Kazini alikuwa ameshaanza kuwahubiria wenzake utulivu wa moyo, na siku hiyohiyo akamfokea mama wa chai kwa ajili ya sukari.

Siku ya kumi uvumilivu ulimwisha. Kama ni jicho, na lipotee. Akahesabu kumi na moja. Addo, ngamia jike mweupe, aliingia wa mwisho, na Diriye akalifunga boma kwa miiba. Kisha akalia, mtu mzima mwenye ndevu za hina. Walipokufa hakulia, kwa kuwa siku zile kulikuwa na maji ya kutafuta na watoto wa kuhamisha. Sasa alilia siku nne mfululizo, kwa ratiba kabisa, kisha akanawa uso na kwenda kazini.

Madaktari walipofika, aliketi mbele ya Iftin kama mshtakiwa.

"Dawa yako nimeiharibu," alikiri. "Ulisema kumi. Mimi nimehesabu kumi na moja."

"Kwa nini kumi na moja, adeer?"

"Ndio idadi yao! Ningemwachaje Addo nje?"

"Addo ni nani?"

"Ngamia."

Iftin alijiziba mdomo. "Adeer, neef ya kifuani! Pumzi!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Diriye alihisi aibu ikimpanda kutoka kwenye visigino, akajua na presha inapanda nayo. Halafu akajiona pale mkekani, siku kumi na nne, anachunga ngamia huku amefumba macho, akacheka kuliko wote.

"Basi nyamaza, napima," alisema Iftin.

Mashine ikalia. Iftin akasoma, hakuamini, akapima mkono wa pili. Ilikuwa imeshuka. Akalitia jina lake kwenye orodha ya upasuaji wa kesho.

"Na hao ngamia wako wapi sasa?" akauliza, akiwa bado anaandika.

Kwa miaka yote aliyokaa Garissa, Diriye aliwajibu watu kwamba ngamia wake wako malishoni kwa kaka yake. Akafungua mdomo kutoa jibu lilelile.

"Walikufa," akasema. "Wote."