Sahani ya Jumanne

Hata chuoni walimwita Msusi, kwa sababu ada ya miaka mitatu ya ustawi wa jamii aliitoa kwenye vichwa vya watu. Alianza kusuka ana miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na thelathini na moja, na alibakiza kitu kimoja tu apate cheti: mafunzo kwa vitendo, miezi minne, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jioni, bila malipo. Chuo kilisema hiyo ni nafasi ya kujifunza. Sawa, lakini nafasi yenyewe aliilipia ada, yaani mtu unatoa fedha yako ili ukafanye kazi bure. Aliyebuni mpango huo bila shaka alikuwa ameshiba.

Wiki ya pili tu kiti chake saluni kikachukuliwa na mwingine, maana mteja wa nywele hamsubiri mtu. Jumamosi alizunguka kusuka majumbani, akapata kodi ya chumba, basi, imeisha. Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii alikopangiwa alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na mchana wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki akipanga mafaili.

"Wewe kila siku umefunga?" karani alimtania.

"Napunguza mwili," akajibu, na mwili wenyewe haukuwa na cha kupunguza.

Kila Jumanne alitumwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wawili tangu binti yake afariki. Ofisi ilimpa bibi huyo posho ndogo ya mwezi, na kazi ya Msusi ilikuwa kuangalia hali ya nyumba, kisha mwishoni ajaze fomu. Siku ya kwanza, alipoinuka kuaga, kizunguzungu kikamshika akaegemea ukuta. Bibi akaingia jikoni. Alimletea sahani ya viazi na maharage.

Msusi aliijua sheria ya kazi: kwa mteja hupokei kitu. Lakini mwenye njaa hana miiko. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole.

Jumanne ya tatu bibi alicheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako hili hapa." Akampa chanuo na kumsogezea mjukuu wa kike, mtoto wa miaka tisa. Msusi akasuka, kisha akala. Ikawa ndiyo desturi yao, na zile siku nyingine za wiki alizivumilia kwa kuihesabia Jumanne.

Wakati wa fomu ulipofika, alikuta swali: chakula nyumbani kinatosha? Akazikumbuka sahani zile, hakuna siku moja zilipokosekana. Akaweka alama kwenye "kinatosha", kwa moyo mweupe kabisa.

Baada ya wiki mbili msimamizi wake alimpa barua ampelekee bibi. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, akaomba asomewe. Msusi akafungua bahasha, akasoma kwa sauti. Posho imesitishwa, kwa kuwa chakula nyumbani kinatosha.

"Kinatosha?" mjukuu akashangaa. "Mbona Bibi hali Jumanne? Anasema chake ni cha dada msusi."

"Hebu nyamaza wewe!" Bibi akamkemea, kisha akamshika Msusi mkono. "Mwanangu, usithubutu kwenda kusema ulikula hapa. Watakufukuza, na umebakiza wiki tatu. Sisi tutaishi tu. Tumezoea."

Njia nzima Msusi alilia, watu wanamtazama. Alijionea aibu, na zaidi ya aibu alijichukia. Fomu haibadilishwi bila kueleza kwa nini uliijaza vile. Akinyamaza, cheti ni chake. Na wale watoto je?

Msimamizi alikuwa mama mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango.

"Kesi ya bibi nitairudisha kwenye kikao cha mwezi ujao," alisema. "Lakini wewe, mdogo wangu, nikiandika haya, mafunzo yako yanafutwa. Unaanza upya mwakani, na ada juu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

"Utaiweza?"

"Sitaiweza."

Msimamizi akavuta karatasi na kushika kalamu.

"Wanataka sababu. Kwa nini ulikula kwa mteja? Niandike nini?"

"Andika nilikuwa na njaa."

Mama yule akaipitia karatasi juu hadi chini, akarudia tena. Sababu zilikwisha kuchapwa hapo, sita, na njaa haikuwamo. Akaweka alama kwenye "utovu wa maadili", akamgeuzia karatasi atie saini.