Mpiga Chapa wa Barua za Ulaya

Mpiga chapa wa Ukunda hutumia vidole viwili tu, na hivyo viwili, abishe nani, vimekwisha kuwapeleka watoto wa watu Ulaya, ilhali mwenyewe havuki feri ya Likoni kwenda Mombasa ila kwa mazishi. Kwanza huipangusa mashine yake ya taipu kwa ncha ya leso, kisha humuuliza mteja hali, hadi ya nyanyake. Siku moja ya mwaka tisini na nane Nthambi, keshia wa hoteli moja Diani, alileta barua ya kuomba shahada ya uzamili ya fedha Uholanzi. Chuo alikichagua kwa kuwa masomo ni ya mwaka mmoja, na bahasha ilikuwa lazima iondoke alasiri ile. Mama mpiga chapa alichapa nusu ukurasa, akasita.

“Mwanangu, uongozi umeutaja mara tisa. Wewe mwenyewe uko wapi humu?”

“Ndivyo wanavyopenda, mama.”

“Na hayo masomo ya fedha unayatakia nini?”

Nthambi akainama. “Baba alilima miwa Ramisi. Benki ilimnyima mkopo, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Nataka niwe wa kueleza.”

Mama akaichomoa karatasi, akatia mpya, na saa nane ilikwisha kupita.

“Rudia hapo pa baba,” akasema, “kwa Kiingereza, polepole. Wazungu nao wana baba.”